Hakuna Mkazi wa Kudumu

Nyumba Namba 9, Mtaa wa Kiwanda
3 Machi

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Mimi mzima. Goti linanung'unika kwenye ngazi, mengine yanakwenda.

Naandika kwa sababu simu imenichosha. Nikiiweka sikioni nasikia sauti yako kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Na miaka thelathini na mmoja nimejaza kitabu cha zamu, kwa hiyo kalamu naielewa kuliko vitufe.

Mtambo umeamka. Ule ule wa umeme wa maji, wangu. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, miaka sita sasa, ulikuwa umelala na mto unapita pembeni yake kama hawajuani. Mwezi uliopita wakaja watu watatu, wakaniuliza, "Wewe ndiye Bwana Zamu?" Nikawaambia jina hilo halijaitwa siku nyingi. Wakasema wameelezwa kwamba turbaini ile hakuna mwingine anayeijua. Nani kawaeleza, sijui, ila hakudanganya. Wiki mbili nilishinda nao chini kwenye chumba cha mitambo, grisi hadi viwikoni. Siku turbaini ilipozunguka na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu, nilitoka nje nikasimama peke yangu. Vumbi liliniingia machoni. Tuseme ni vumbi.

Umeme wote unaishia uwanja wa kiwanda, nyuma ya ukuta wetu. Wamepanga makontena ishirini, na ndani kompyuta juu ya kompyuta, kila moja na feni yake. Nilimuuliza mlinzi wa getini, mama mmoja wa makamo mwenye mdomo mwepesi.

"Humo mnatengeneza nini?"

"Wanachimba sarafu, mzee."

"Mbona sioni shimo?"

"Ziko mtandaoni."

"Na wachimbaji?"

"Hakuna mtu. Ni mashine zenyewe."

Mwanangu, nimewajua wachimba visima, wachimba makaburi na wachimba fitina. Hawa ni wageni kwangu. Wewe uliyesomea umeme nieleze.

Mtaa wetu umebaki na nyumba saba zenye watu. Mama Sindano bado anashona hapo kwenye kona na bado ananidai jibu la kila swali. Anakusalimu.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba bado begani. Nimefurahi kuhusu mtambo kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa uchimbaji wenyewe. Fikiria watu elfu kumi wamepewa kufuli moja, kila mmoja ana bunda la funguo na anajaribu haraka anavyoweza. Anayefungua kwanza anapewa sarafu. Wengine wote wametoka jasho bure. Kisha linaletwa kufuli jipya na wanaanza tena, mchana kutwa, usiku kucha. Kompyuta hizo ndizo watu hao, na umeme ndio jasho lao. Sarafu haishikiki, lakini joto lake unaweza kukaangia yai. Ndiyo maana ya feni, na ndiyo maana wanatafuta sehemu zenye maji yanayoanguka.

Kampuni yenyewe siijui sana. Naamini wamefuata taratibu.

Unalala vizuri? Makontena ishirini hayapaswi kukusumbua. Sauti yake kwa umbali huo ni kama mvua ya mbali.

Mimi kazini ni ripoti juu ya ripoti. Jumapili nafua, napiga pasi, nakula nimesimama. Kiti cha pili hapa mezani nimekigeuza kuwa rafu ya vitabu.

Kitinda wako


Nyumba Namba 9
28 Mei

Mwanangu,

Umenyamaza, nami nimenyamaza. Tumetoka sare.

Makontena sasa ni mia na kumi. Niliyahesabu nikidhani nimekosea, nikarudia. Hiyo mvua yako ya mbali imehamia chumbani. Si kelele ya kupanda na kushuka, ambayo mtu huizoea kama anavyozoea mkwe. Hii ni sauti moja tu, haipumui. Inapita ukutani, inapita mtoni, inaingia kwenye meno. Sahani kabatini zinagongana. Mwalimu wa Namba 4 amehamia kwa dada yake. Wale wenye mapacha wa Namba 12 wameondoka wiki jana kwa sababu watoto walikuwa wanatokwa damu puani. Kama ni feni au si feni mimi si daktari. Tumebaki nyumba tatu.

Na mto. Unaikumbuka ile alama nyekundu ukutani pale maji yanapoingilia kwenye mfereji wa mtambo. Kiangazi maji yakifika hapo, turbaini inapumzishwa na mto unaachiwa haki yake. Hiyo ndiyo sheria niliyoikuta na ndiyo niliyoiacha. Sasa lango la kupitishia maji ya mto limeshushwa chini ya alama. Mfereji umejaa, mto umebaki mawe. Nimeona kambare wamelala kwenye tope wakifungua mdomo na kufunga. Wenye bustani za mboga kule chini wanapanda na ndoo, wanaangalia mawe, wanashuka na ndoo.

Nilikwenda kwa meneja. Kijana mstaarabu, alinipa kiti.

"Mzee, karatasi zetu zote ziko sawa."

"Karatasi zipi?"

"Tathmini ya mazingira. Mtaalamu alipima kila kitu."

"Alikuja lini? Mimi nashinda hapa, sijamwona."

Akaangalia saa yake. Basi nami nimeamua kuitafuta hiyo tathmini niisome. Mtaalamu akikosea anaelezwa. Huenda hakuambiwa kuwa tupo.

Masikio yangu hayana neno. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako


Kona ya Mtaa wa Kiwanda
9 Juni

Binti yangu,

Anayekuandikia ni Mama Sindano, yule aliyekushonea sare ya shule ukaichana siku hiyo hiyo. Anwani nimeiiba kwenye bahasha iliyo juu ya friji la baba yako. Asijue.

Yeye atakuwa amekuambia hajambo. Baba yako hata akiungua atasema anaota moto. Basi mimi nakuambia: hasikii. Ilianza sikio la kushoto, sasa hata la kulia unampigia kelele. Nikienda kwake nabisha hodi mpaka vidole vinauma, na yeye yuko ndani hatua tano anamenya viazi. Wiki mbili zilizopita lori linaloleta makontena lilimpigia honi barabarani, akaendelea kutembea katikati kama bwana harusi. Dereva alikwepa, akaingia mtaroni. Baba yako aligeuka kwa sababu aliona kivuli. Alianguka akachubuka kiwiko tu, na nilipomfunga kitambaa alizungumza habari za hali ya hewa.

Kinachoniuma ni kwamba mimi naondoka Jumamosi. Cherehani nimeshaifunga kwenye gunia. Wateja hawaji, na mimi kichwa kinaniuma hadi natapika. Namba 15 walitoka jana. Nikiondoka mimi, mtaa mzima ni baba yako.

Nilimwambia twende, kwa mwanangu kuna chumba cha uani. Akasema ana kazi ya kufanya, kuna ripoti anaifuatilia. Kila siku anavaa shati la pasi anakwenda ofisi za mazingira, anakaa kwenye benchi, anarudi. Anasema aliyeiandika ni mtu msomi, akielezwa vizuri ataelewa. Ana imani na watu waliosoma, kwa sababu yako.

Mchukue.

Mama Sindano


17 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimefikiria sana. Njoo ukae na mimi. Chumba ni kimoja lakini nitaweka pazia, na kiti cha pili nitakiondolea vitabu. Nauli nimeshalipa, tiketi iko ndani ya bahasha hii, haina tarehe. Panda siku yoyote.

Kuhusu ripoti, achana nayo. Zile karatasi zimeandikwa kwa lugha ngumu makusudi, hata sisi hutusumbua, na hata ukiipata haitabadilisha kitu. Utachoka bure.

Njoo tu, Baba. Nakuomba.

Kitinda


2 Julai

Nimeipata.

Karani aliniona nimekaa pale wiki ya tano, akanionea huruma, akanitolea nakala. Ni kurasa arobaini. Si ngumu kama ulivyosema. Ukurasa wa kumi na saba umeandikwa vizuri kabisa: "Ndani ya mita mia tano kutoka eneo la mradi hakuna mkazi wa kudumu. Nyumba zilizopo zimeachwa."

Nilimwambia karani, "Basi umempa nakala mtu ambaye hayupo." Alicheka. Hata mimi nilicheka. Kisha nikashuka na macho hadi chini ya ukurasa.

Jina limefupishwa kwa herufi mbili, lakini saini ile sihitaji kusomewa. Tuliitafuta pamoja mezani kwangu ulipokuwa unakwenda kuchukua kitambulisho. Ulitaka ianze kama yangu na iishie kivyako. Tulijaza karatasi nne.

Tiketi nairudisha.

Mkazi,
Nyumba Namba 9


9 Julai

Baba,

Sina haki ya kuandika shikamoo, lakini naiandika.

Ni mimi. Ofisi yetu huandika tathmini za miradi ya umeme, na mkuu wangu alikuwa anatafutia wateja wake eneo lenye mtambo wa maji usiotumika. Alikuwa na orodha na kila sehemu ilikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyeinua mkono nikasema napajua mahali, na yuko mtu anayeujua mtambo huo kama watoto wake. Ndiyo maana walikuja wakikuuliza kwa jina la kazini.

Nilifanya tathmini bila kufika. Nilitumia picha ya kutoka juu. Paa letu lilikuwa linaonekana, hata kamba ya nguo. Nilipofika kwenye kisanduku cha wakazi, nilikaa nacho asubuhi nzima. Ningeandika nyumba saba, wangetakiwa kujenga kuta za kuzuia sauti, na wangekwenda kwingine. Nikajiambia ni makontena ishirini tu. Nikajiambia nyumba saba zitaisha zenyewe, kila mwaka inafungwa moja. Nikajiambia, Baba nitamchukua. Mambo matatu, na kila moja nililiamini kwa muda wa kutosha kuandika neno moja.

Nitakuambia na sababu, ingawa si udhuru. Tangu mama afariki, kila nilipokupigia nilikuuliza umeshinda wapi, na kila mara ulisema ulikwenda kuuangalia mtambo. Ulikuwa unachukua kitambaa unapangusa vumbi kwenye chuma kisichozunguka. Nilikuwa nikikata simu nakaa kitandani na picha hiyo. Mimi siko karibu, kaka zangu hawaandiki, mama hayupo. Niliona kitu pekee ninachoweza kukupa ni kile chuma kizunguke tena. Nilikupa wewe, nikawanyang'anya wa nyumba nyingine sita, na nawe nikakunyang'anya.

Barua yako ya Mei niliisoma nikajua, na bado sikujibu. Ya masikio pia najua. Usimlaumu aliyeniambia.

Sikuombi kitu. Ila usijiite mkazi kwangu.

Kitinda


6 Agosti

Baba,

Wiki nne hujajibu. Nilimwandikia Mama Sindano kwa mwanawe, akasema alipita Jumapili akakuona kibarazani, umekonda. Nimeshukuru kujua hata hilo.

Nakuarifu tu. Nimeandika kwa mamlaka kwamba ukurasa wa kumi na saba ni wa uongo na aliyeuandika ni mimi. Nimeambatanisha picha yenye paa zetu, na idadi ya makontena uliyoihesabu wewe. Walinihoji siku mbili. Leseni yangu imesimamishwa, na kazini nimekabidhi meza. Mkuu aliniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia nina baba.

Wamesema watakuja kupima. Mlango wakiugonga, tafadhali wafungulie. Waone kwamba yupo mtu.

Sasa niko nyumbani mchana. Sikujua kuwa chumba hiki kina jua saa nane.

Kitinda


Nyumba Namba 9
30 Septemba

Mwanangu Kitinda,

Wapimaji walikuja mwezi wa nane, watu wanne na vyombo vyao. Sikuwasikia wakigonga, mmoja aliruka ukuta akanikuta bustanini namwagilia bamia. Nilimwonyesha kitambulisho, nikamwonyesha kitanda, nikamwonyesha sahani kabatini. Aliandika yote. Walipima feni, wakapima mto. Kampuni ilileta mawakili, ikapewa siku kumi na nne, ikaongezwa saba, na mwisho ikaambiwa izime.

Siku walipozima, mimi sikujua. Nilikuwa jikoni na kikombe cha chai mezani. Tangu Aprili chai yangu ilikuwa na viduara juu, vinatoka katikati kwenda ukingoni, hata nikishika meza. Siku hiyo chai ilitulia. Nilikitazama kikombe muda mrefu nikidhani macho nayo yameanza. Nikatoka hadi getini, nikamkuta yule mama mlinzi amekalia furushi lake. Alifungua mdomo, nikamsoma: "Wamezima, mzee."

Makontena yamepakiwa kwenye malori, yameondoka. Anasema wamepata mto mwingine, mbali. Kwa hiyo usijisifu sana, wala mimi sijisifu. Huko nako kuna mtu na kamba yake ya nguo. Uwanjani wameacha mlima wa mashine zilizokufa, feni na vyuma vya kijani vyenye nyaya, umefika kimo cha ukuta. Mvua ya kwanza itavisukuma vyote mtoni kama hakuna atakayekuja kuvichukua. Nimeandika barua kwa yule karani.

Muuguzi wa kliniki amenipima. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia limebaki kidogo, anasema kifaa kinaweza kusaidia. Mluzi ulio ndani ya masikio haukomi. Kimya wamepewa wengine, mimi nimebaki na mluzi.

Sasa kuna jambo. Wewe umeandika lako, nami lazima niandike langu, la sivyo nitakuwa nakuhukumu kwa mizani mbovu. Mwezi wa tano nilikuandikia kwamba lango limeshushwa chini ya alama, kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Lango halijishushi. Nililishusha mimi. Mwezi wa nne waliniita tena, wakaniita Bwana Zamu, wakanipa kofia ya kazini, wakaniuliza kama linaweza kushuka zaidi. Lina pini ya usalama inayolizuia kushuka kupita kiasi, na pini hiyo hakuna aliyejua ilipo isipokuwa mimi. Niliitoa. Nilijua mto utakuwaje. Lakini nilijua pia kwamba nikisema haiwezekani wataniambia ahsante mzee, nami nitarudi nyumbani kukaa. Wiki iliyofuata waliniambia hivyo hivyo, ahsante mzee, na kofia wakaichukua. Wale kambare niliwaokota mwenyewe kwenye tope, nikawafukia nyuma ya choo ili watu wasiwaone. Nilipokuwa nakaa kwenye benchi la mazingira nikitafuta wa kumlaumu, pini ilikuwa mfukoni mwangu.

Juzi nimekwenda kulifungua lango. Hakuna umeme kule chini sasa, kwa hiyo ni kwa mkono, kwa mpini. Nilianza saa mbili asubuhi. Nikizungusha mara kumi napumzika, mara kumi napumzika. Adhuhuri maji yakapita juu ya mawe. Wenye bustani walikuja wakasimama upande wa pili wakitazama. Hakuna aliyenishukuru, na ni sawa. Mmoja alivua viatu akaingia maji ya vifundo, akasimama tu hapo.

Mtaani bado niko peke yangu. Mama Sindano anasema hatarudi, cherehani imeshapata kona yake kule kwa mwanawe na wateja wapo. Mwalimu ndiyo kwanza ameuza milango yake. Ile karatasi yako ilikuwa ya uongo ulipoiandika, ila sasa imebaki mtu mmoja tu iwe kweli.

Sijakusamehe. Nakuambia wazi usije ukadhani barua ndefu ndiyo msamaha. Nikiuona ule ukurasa bado kitu kinanipanda hapa kifuani. Lakini kukasirika peke yangu kumenichosha, mwanangu. Chumba kizima cha hasira na hakuna wa kumwonyesha. Kama meza umeikabidhi na mchana huna pa kwenda, njoo. Nitakasirika ukiwepo.

Ukifika usihangaike kubisha hodi, sitaisikia. Mlango hauna ufunguo mchana. Nitakuwa jikoni, nimeupa mlango mgongo kwa sababu mwanga uko upande ule. Usinishike bega kwa nyuma, nitashtuka. Zunguka meza uje mbele yangu, nikuone.

Baba yako